Gari Hili Halitobolewi

Kwa Mkuu wa Kikosi cha Usalama Barabarani,
Makao Makuu.

YAH: OMBI LA KURUHUSIWA KUTOTOBOA USO WA GARI

Ndugu Mkuu,

Kichwa cha habari hapo juu kimejitahidi kusema yote, kimeshindwa, kwa hiyo nakuomba uvute kiti, uagize chai, unisikilize kwa utulivu. Mimi ni daktari wa meno. Kliniki yangu iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa, na kama kuna yeyote katika kikosi chako aliyewahi kushikwa na jino katika mji huu, basi yamkini nimeshamchungulia kinywani. Sisemi hivyo kukutisha. Nasema ili ujue kwamba anayekuandikia si mhuni wala si mbishi wa kuzaliwa, na katika maisha yake hajawahi kulalamika kwa maandishi isipokuwa mara moja, kwa watu wa maji, ambao mpaka leo hawajajibu.

Nimenunua gari la spoti. Huwezi kuliita gari la familia hata ukitia chumvi gunia zima: lina viti viwili, milango miwili, na buti inayomeza begi dogo tu, tena begi lenye nidhamu. Limekaa chini kiasi kwamba mke wangu akitaka kuingia hugeuka, huchuchumaa hewani, kisha hujiachia na kumkabidhi Mungu yaliyobaki. Wakati wa kutoka hunyoosha mkono nimvute. Yeye hulitaja kwa jina moja tu, mke mwenza, na siku akiwa na hasira humuuliza mke mwenza kama ameshakunywa chai.

Tatizo liko usoni. Kule gari hili lilikotengenezwa, sheria inataka namba nyuma peke yake. Kwa hiyo waliolitengeneza hawakuacha mahali pa kibao cha namba mbele. Hakuna kibonde, hakuna tundu, hakuna hata alama ya kuonyesha kwamba siku moja patakuja skrubu. Ni bampa moja laini kutoka taa hii mpaka taa ile, na ukilipitishia kiganja asubuhi kabla jua halijalipasha moto, unasahau madeni. Huku kwetu sheria inataka vibao viwili. Cha nyuma kipo, kimetulia, hakina ugomvi na mtu. Cha mbele ndicho kilichonikalisha mezani leo.

Askari wako wa pale mzunguko wa hospitali, yule mrefu mwenye sauti ya upole ambaye madereva tunamwita Afande Taratibu, alinisimamisha. Alilizunguka gari, akalisifu, akapiga saluti ya utani, halafu akasema: "Dokta, gari zuri, ila mbele liko uchi. Litobolewe, lifungwe namba. Nikikuona tena hivi, tutalilaza kituoni." Sikukasirishwa na sheria, Ndugu Mkuu. Mimi ni mtu wa sheria. Nilikasirishwa na jinsi alivyolitamka neno lile, litobolewe, kama mtu anayesema lioshwe.

Pengine ningekaa kimya, nikaliacha gari chini ya turubai, nikawa naenda kulitembelea jioni kama mgonjwa. Lakini liko jambo lisilosubiri. Dada mkubwa wa mke wangu, yaani shemeji yangu, anakaa mbali, mwisho kabisa wa barabara kuu, barabara ambayo vizuizi vyako vimepangwa karibu karibu. Ndiye aliyemlea mke wangu mama yao alipofariki. Mwaka huu alianguka bafuni akavunjika nyonga. Ametoka hospitali, yuko nyumbani kwake peke yake, anajifunza kutembea upya kwa kushika meza na migongo ya viti. Alimpigia mke wangu simu, akamwambia: "Njoo, mdogo wangu, kabla sijazoea kukaa mwenyewe." Mke wangu alitaka kupanda basi kesho yake. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia basi la nini, tutakwenda wote, kwa gari letu, nitakushusha mlangoni kwa dada yako watu wachungulie madirishani. Aliniamini, akapanga nguo kwenye begi, na begi likakaa tayari. Tangu hapo ni mimi na bampa.

Sasa naomba niyapange malalamiko yangu kwa namba, maana namba ndizo mnazozipenda.

1. Nalalamikia neno "kutoboa".

Najua utakalosema. Utasema huyu anayelia ndiye mtoboaji mkuu wa mji. Mke wangu amekutangulia. Aliniambia mbele ya wageni: "Meno ya watu unayatoboa huku wanalia. Plastiki isiyolia ndiyo unayoihurumia." Nilimjibu, na jibu lile lile nakupa wewe: jino ninalolitoboa limeoza. Natoboa ili niutoe ubovu, nizibe, mtu akatafune kwa raha. Bampa langu halina ubovu. Kutoboa kitu kizima, katika taaluma yangu, ni kosa la kumfanya mtu anyang'anywe koti.

Isitoshe, neno lenyewe limeharibikiwa. Siku hizi mtu akifanikiwa maishani wanasema ametoboa. Shemeji alipopiga simu safari iliyofuata, nilipokea mimi, nimetoka kuoga, taulo kiunoni. Kabla sijamjulia hali, akapaza sauti kwa furaha: "Shemeji! Nasikia umetoboa! Hongera sana!" Sikumbuki simu niliiwekaje. Ninachokumbuka ni kwamba nilijikuta uani, nimepiga magoti mbele ya gari, naipapasa plastiki inchi kwa inchi nikitafuta tundu, huku nikimlaani fundi wangu wa bodi ambaye kumbe wakati huo alikuwa kwake amelala zake. Bampa lilikuwa zima. Niliporudi ndani simu ilikuwa kwa mke wangu, na nilimsikia akimweleza dada yake kwamba hapana, huyu hajatoboa, wala dalili za kutoboa hatujaziona. Walicheka muda mrefu, mmoja akiwa amejishikilia meza kule, mwingine ameegemea friji huku. Shemeji alikuwa amesikia habari za gari, akataka kunipongeza kwamba mambo yangu yamenyooka. Mgonjwa wa nyonga ananipa hongera, nami namwacha anazungumza na zulia! Naomba askari wote wapigwe marufuku kulitumia neno hilo wakiwa kazini. Waseme "kufungia", halina madhara.

2. Nalalamikia gundi.

Muuza vipuri aliniambia iko gundi ya pande mbili, ya povu, inayobandika hata vioo vya maghorofa. Nilisafisha bampa kwa spiriti ya kliniki, nikabandika kibao, nikakikandamiza kwa tumbo mpaka mke wangu akanifungia pazia. Kilikaa. Nilikwenda nacho kazini na kurudi nikiwa na raha ya ajabu, napunguza mwendo mbele ya kila askari ili wanione. Kisha ikanyesha mvua. Kibao kilibanduka sijui wapi, na nilikitafuta mitaroni mpaka suruali ikawa si ya daktari tena. Nilikuja kukikuta chini ya kliniki yangu mwenyewe, mikononi mwa mlinzi wa duka la vitambaa, anakizolea taka. Nilipomwambia ni namba ya gari langu, alikipangusa kwa heshima, akasema, "Samahani, mzee. Ila ni bati zuri, halipindi." Nikamshukuru. Alikuwa mtu wa kwanza kukisifu kibao kile.

3. Nalalamikia sumaku.

Muuza vipuri yule yule, ambaye nashangaa kwa nini hajakamatwa, akaniuzia sumaku za duara, nzito, akaapa kwamba zinashika hata meli. Huenda meli zinashikika. Bampa langu ni la plastiki, na sumaku na plastiki hazijawahi kufahamiana. Mimi nimesoma, Ndugu Mkuu, fizikia nilifaulu, lakini mapenzi yakishaingia kichwani elimu inatokea dirishani. Nilizitia sumaku zile mfukoni mwa koti langu jeupe nikazisahau. Nikamkaribisha kitini mama mmoja mwenye gego lililomnyima usingizi. Nilipoinama kumtazama, vifaa vyangu viliruka kutoka kwenye trei, kioo, kijiko cha kukwangulia, koleo, vyote vikaja kuning'inia kiunoni kwangu. Mama alifumba mdomo. Alishuka kitini taratibu, akachukua mkoba wake, akasema atarudi kukiwa na daktari mwingine. Hajarudi. Gego lile bado linauma, na maumivu yake nayaandika upande wa kikosi chako.

4. Nalalamikia shavu.

Fundi wa bodi ni mtu muungwana. Nilipomkataza kutoboa, hakunicheka. Aliniambia gari lolote huwa na kitundu mbele, pembeni, kimefunikwa na kifuniko kidogo, cha kufungia ndoano ya kulivuta likikwama. Tukakifungua kifuniko, kweli, tundu lipo, tena la kiwandani, lina njia yake ya skrubu. Nilimkumbatia fundi na ovaroli lake la grisi. Tukaagiza kishikio chake, kikaja, kikajifunga vizuri, na kibao kikasimama imara bila bampa kuguswa hata kwa ukucha. Siku ile nililala kama mtoto.

Tatizo ni kwamba tundu lile liko kushoto, chini ya taa. Nilifika kwa Afande Taratibu nikitabasamu. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akakiinamisha upande wa pili, akasema: "Namba inakaa katikati, Dokta. Hiyo iko shavuni." Nikamuuliza imeandikwa wapi kwamba shavu si sehemu ya uso. Akasema yeye haandiki sheria, yeye anasimamisha magari. Naomba kuelekezwa, kwa kumbukumbu za baadaye, uso unaanzia wapi na unaishia wapi, maana mimi nimeusomea, na shavu lilikuwemo.

5. Nalalamikia tuta la mbele ya shule.

Hapa, Ndugu Mkuu, ndipo nilipoamua kutumia taaluma yangu yote. Unajua namna tunavyotengeneza meno bandia? Tunachanganya unga fulani na maji, unakuwa kama uji mzito, tunauweka kwenye fizi za mgonjwa, unaganda na kuchukua sura ya kinywa chake. Kutokana na sura hiyo tunatengeneza meno yanayobana yenyewe, bila skrubu wala gundi. Nikajiuliza kama kinywa cha binadamu kinaweza, bampa lina nini. Nilibeba unga wote wa kliniki nikaupeleka nyumbani. Niliusambaza kwenye mdomo wa gari kwa mwiko, nikakaa pembeni nikiliambia litulie. Jirani alipita akaniuliza gari linaumwa nini. Nikamwambia nalichukua vipimo. Akaniangalia, akampungia mke wangu dirishani kwa namna ya kumpa pole, akaenda zake.

Kishikio kilichotoka kilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Kiliingia kwenye bampa kwa kubana tu, kwa mlio ule mdogo ambao madaktari wa meno tunaupenda kuliko muziki. Kasoro ilikuwa moja: malighafi niliyonayo ni ya rangi moja, ile ya fizi. Basi gari likawa na ufizi wa waridi, na juu ya ufizi kibao cheupe, katikati kabisa, si shavuni. Ukiliona kwa mbali lilikuwa linacheka. Mke wangu alilitazama, akasema, "Sasa mke mwenza ana meno kunishinda." Lakini alichukua begi. Alijiachia kwenye kiti, akalipakata begi, akampigia dada yake simu kwamba tumeondoka.

Tulifika kwenye tuta la mbele ya shule. Wanaovaa meno bandia wananielewa: si kutafuna kunakoyaangusha, ni kupiga chafya. Gari lilipanda tuta, likashuka, na namba pamoja na ufizi wake ikaruka ikatua miguuni kwa Afande Taratibu, ambaye asubuhi ile, kwa bahati yangu, alikuwa amehamishiwa pale kuvusha watoto. Alikiokota. Alikigeuza akautazama ufizi kwa ndani, akautazama tena, akaja dirishani kwangu. "Dokta," akasema kwa ile sauti yake ya upole, "gari limeng'oka." Walimu waliokuwa getini walivunjika mbavu. Hakuniandikia kosa. Alisema turudi nyumbani polepole. Niliona aibu, Ndugu Mkuu, aibu ya kweli, si ya kuigiza, na si kwa sababu ya walimu. Mke wangu hakucheka. Alichukua simu akamwambia dada yake kwamba tumepata hitilafu kidogo, basi siku nyingine.

6. Nalalamikia mlango wako.

Hili nilisita kuliandika, lakini maji yameshanifika shingoni. Baada ya aibu ya tuta nilikuja makao makuu nikuone ana kwa ana. Karani wako alisema uko kikaoni, nikae kwenye benchi. Nilikaa, na kwa kuwa mtu aliyekaa kwenye benchi lazima atazame kitu, nilitazama mlango wa ofisi yako. Una kibao kizuri cheusi, chenye jina na cheo kwa herufi za dhahabu. Nilisimama nikakisogelea, karani akanikoholea, lakini nilikuwa nimeshaona. Kibao chako kimebandikwa kwa gundi. Pembe ya chini imeanza kuachia, na nyuma yake nililiona povu lile lile la pande mbili.

Mlango ni wa mbao, Ndugu Mkuu. Mbao zimeumbwa kwa misumari. Hata hivyo kuna mtu katika ofisi yako aliyeutazama mlango ule, akauona ulivyo laini, akasema hapana, huu tusiutoboe. Mtu huyo namheshimu. Ningependa kumfahamu. Ninachouliza kwa unyenyekevu ni kwa nini huruma ile ilikwama mlangoni isifike barabarani.

Kwa kuwa si tabia yangu kulalamika bila kupendekeza, napendekeza haya, na ukilikataa moja usikasirike, shuka kwenye linalofuata.

Kwanza, kibao cha mbele kivaliwe na dereva, shingoni, kwa kamba. Dereva yuko mbele ya gari, anaonekana kupitia kioo, na kamba haitoboi kitu. Abiria anaweza kukivaa dereva akisikia joto.

Ikishindikana, askari wapangwe wasimame nyuma ya magari ya spoti tu. Tukubaliane ukweli: gari la namna hii likishapita, mtu hubaki ameutazama mgongo wake. Namba ya mbele ni ya nani? Aliye mbele yake hana muda wa kusoma, anatakiwa akimbie.

Na hilo nalo likishindikana, basi naomba gari langu litambuliwe rasmi kwamba halina mbele. Liandikwe kwenye kumbukumbu kuwa lina nyuma mbili. Nyuma moja tayari ina namba kama sheria inavyotaka. Hiyo nyuma nyingine ni ya ziada, haimdhuru mtu. Sheria inasema kibao kifungwe mbele ya gari; palipokosekana mbele, kibao kitafungwa wapi? Nimelijadili hili na nafsi yangu kwa marefu na mapana na sijapata tundu ndani yake, samahani kwa neno hilo. Nitakubali masharti yote yatakayofuata, hata nikitakiwa niwe naendesha kinyumenyume ninapopita mbele ya ofisi yako, ili nyuma yenye namba itangulie.

Nakuomba ulijibu ombi hili haraka. Si kwa ajili yangu. Mke wangu ameacha kuniuliza tutaondoka lini. Zamani aliuliza kila akimimina chai, na nilikuwa nachukia. Sasa haulizi, nami nachukia zaidi. Juzi nilimkuta ameinamia begi, anatoa magauni mepesi na kuweka masweta. Nilimuuliza kulikoni. Akasema kule kwa dada kumeanza kupoa. Alilisema bila kinyongo chochote, akiwa anakunja, na tangu hapo kila nikilipapasa bampa naona kiganja changu hakina raha ile ya mwanzo. Lakini msimamo wangu ni ule ule. Gari hili halitobolewi.

Nisalimie kikosi kizima, waliosimama juani na waliokaa kivulini. Nisalimie karani wako, mwambie kile kikohozi si cha kweli na nilikitambua. Nisalimie walimu wa shule ya kwenye tuta. Afande Taratibu mpe salamu za pekee, umwambie aache kufungulia chupa za soda kwa meno, nilimwona.

Wako mtiifu barabarani, mkaidi kidogo gereji,

Daktari wa Meno,
Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa.

Baada ya sahihi:

Ndugu Mkuu, nilikuwa sijaitia barua hii kwenye bahasha mke wangu alipotoka chumbani amevaa viatu vya safari. Aliniona nimeinama mezani, nasahihisha herufi. Akasema, "Endelea tu na barua, baba watoto. Mimi nimekata tiketi ya basi." Hakugomba. Aliniinamia akanirekebisha kola, kama anavyofanya nikienda kazini, akatoka. Nilisikia teksi ikiondoka.

Nilibaki na gari zuri na nyumba kimya. Nikaisoma barua yangu tangu mwanzo, nikakuta kila hoja imesimama vizuri, hakuna mahali pa kuipinga, na mke wangu hayupo.

Nilikwenda kwa jirani nikaazima drili. Sikupima, sikupiga mstari wa penseli, sikupaka spiriti. Nilitoboa. Haikufika hata muda wa kuziba jino la mtoto. Nilikaza skrubu nikaingia barabarani na vumbi la plastiki likiwa bado mapajani. Askari wako wa kizuizi cha kwanza hakuangalia mbele kabisa. Alichungulia viti, akauliza linakula mafuta kiasi gani, akanipungia.

Basi nililikuta pale linaposimama abiria wanyooshe miguu. Mke wangu alikuwa dirishani. Alishuka na begi lake, akazunguka mpaka mbele ya gari, akasimama kuitazama ile namba. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njia nzima. Akasema, "Imepinda." Kisha akafungua mlango mwenyewe, akageuka, akachuchumaa hewani, akajiachia.

Kwa hiyo naomba malalamiko yote, kuanzia la kwanza hadi la mlango wako, yafutwe, na gari langu lirudishiwe mbele yake. Kama kupinda nako ni kosa, nitainyoosha tukirudi, sijui lini. Haya nayaandikia kwenye usukani wakati mke wangu anazungumza na dada yake kwa simu. Shemeji amesema atatupokea mlangoni akiwa amesimama, na ameshaanza kuelekea huko, kiti kwa kiti. Tafadhali waambie askari wako wasitucheleweshe.